Sura ya Nne: Dawa Ndani ya Kihori

Mnyama hupewa dawa kwa sindano, kwa kunyweshwa, kwa kuchanganyiwa katika maji au kwa kuchanganyiwa katika chakula. Kati ya njia hizo, chakula ndicho chenye nafuu kubwa kwa mfugaji. Hakuna kukimbizana na ng'ombe, hakuna kumbana nguruwe ukutani. Mfuko unafunguliwa, chakula kinamiminwa kihorini, kazi imekwisha. Kwa sababu ya nafuu hiyohiyo, sheria za dawa ya kihorini zinapaswa kuwa kali kuliko za sindano. Hilo lilichukua zaidi ya nusu karne kukubaliwa katika nchi zenye ufugaji mkubwa wa viwanda, na Marekani, ambayo kanuni zake kwa ng'ombe na nguruwe zimeandikwa kwa undani mkubwa, bado imeacha mlango mmoja wazi. Mlango huo ni muda. Sheria inayosema nani aagize dawa, dawa gani na kwa mnyama gani, lakini ikakaa kimya kuhusu siku ya kuikomesha, imefanya nusu ya kazi.

Tuanze na hesabu ya kihori chenyewe, kwa kuwa ubishi mwingi juu ya sheria hizi hufanywa na watu wasioijua. Lebo ya klorotetrasaiklini kwa nguruwe nchini Marekani inataka mnyama apate miligramu 22 hivi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa siku zisizozidi 14. Nguruwe wa kilo 50 basi anahitaji miligramu 1,100 kila siku. Ikiwa anakula kilo 2, kiwanda kitachanganya gramu 550 za dawa katika kila tani ya chakula. Hadi hapo hesabu imenyooka. Lakini nguruwe huyo ana homa, na mnyama mwenye homa hupoteza hamu ya kula. Akila kilo moja tu, anapata nusu ya dozi. Jirani yake katika banda hilohilo, mzima na mbabe, anayewasukuma wenzake pembeni na kula kilo mbili na nusu, anapata dozi kamili na ziada juu yake. Kwa maneno mengine, dawa iliyo kihorini inamfikia vizuri zaidi yule asiyeihitaji, na inamfikia vibaya yule iliyokusudiwa. Kwa ndama waliotoka safarini hali ni hiyohiyo. Wiki ya kwanza baada ya kushushwa kwenye lori ndiyo wiki ya nimonia, na ndiyo wiki ambayo ndama hugusa chakula kidogo kuliko wakati wowote. Na dozi pungufu ndani ya matumbo ya wanyama mia moja, kwa siku nyingi mfululizo, ni mazingira mazuri mno ya kuchagua bakteria wanaostahimili dawa: dhaifu hufa, sugu hubaki na kuzaana.

Mazoea haya hayakuanza kwa ajili ya tiba. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Thomas Jukes na Robert Stokstad wa kampuni ya Lederle, huko Pearl River katika jimbo la New York, walikuwa wakitafuta chanzo rahisi cha vitamini B12 kwa ajili ya vifaranga. Walijaribu masalia ya uchachushaji uliotumika kutengeneza dawa ya aureomaisini, na vifaranga wakakua haraka kuliko vitamini hiyo ilivyoweza kueleza. Kilichokuwa kikifanya kazi ni mabaki ya antibiotiki. Habari ilitangazwa mwaka 1950, na mwaka 1951 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ikaruhusu antibiotiki zichanganywe katika chakula cha mifugo bila cheti cha daktari. Kwa hiyo dawa iliingia kihorini ikiwa mbolea ya kukuza mwili, na sheria iliyoipokea iliitazama kama kirutubisho. Matatizo mengi yaliyofuata yanatokana na mtazamo huo wa awali.

Onyo la kwanza lenye uzito wa kiserikali lilitoka Uingereza. Kamati iliyoongozwa na Michael Swann ilitoa ripoti yake Novemba 1969, baada ya milipuko ya salmonela sugu miongoni mwa ndama na watu. Pendekezo lake kuu lilikuwa la busara: antibiotiki inayohitajika kutibu watu isiuzwe kama kikuza mifugo bila cheti. Penisilini na tetrasaiklini zikaondolewa katika orodha ya vikuza. Lakini daktari wa mifugo aliruhusiwa kuziandika kwa ajili ya kinga, na dawa ileile ikaweza kurudi kihorini kwa jina jingine. Tailosini, ambayo ni ya jamii moja na erithromaisini ya binadamu, ilibaki kikuza katika Ulaya hadi mwaka 1999. Somo la Swann halikuzingatiwa vya kutosha. Unapokataza sababu ya kutumia dawa huku ukiacha kipimo na muda vilevile, umebadilisha maandishi ya lebo tu. Bakteria wa tumboni hawasomi lebo.

Ushahidi uliofuata ulijaza pengo ambalo Swann alilibashiri. Mwaka 1976 Stuart Levy na wenzake walichapisha uchunguzi wa shamba moja la kuku karibu na Boston. Walianza kuwapa kuku oksitetrasaiklini katika chakula, na katika muda wa wiki moja hivi bakteria wa matumbo ya kuku wakawa sugu kwa wingi. Baada ya miezi michache, familia iliyoishi shambani ilikuwa na bakteria sugu wengi kuliko majirani, ingawa hakuna aliyekula dawa hiyo. Miaka ishirini baadaye Denmark ilitoa mfano mpana zaidi, wa nchi nzima. Avoparsini, kikuza cha kuku na nguruwe, ni ndugu wa vankomaisini, dawa ambayo hospitali huihifadhi kwa wagonjwa walioshindikana. Denmark iliipiga marufuku mwaka 1995. Miongoni mwa kuku wa nyama, kiwango cha bakteria wa enterokoki wenye usugu dhidi ya dawa hizo kilishuka kutoka asilimia 73 hivi mwaka 1995 hadi asilimia 6 hivi mwaka 2000. Kwa nguruwe kiwango hakikushuka mara moja: kilisimama kwenye asilimia 20 hivi kwa miaka kadhaa, jambo lililowashangaza watafiti. Maelezo yalipatikana ndani ya bakteria wenyewe. Jeni la usugu wa avoparsini lilikuwa limekaa pamoja na jeni la usugu wa tailosini katika kipande kimoja cha DNA, na nguruwe walikuwa bado wanalishwa tailosini. Kila kihori chenye tailosini kilikuwa kinalinda usugu wa vankomaisini. Tailosini ilipoachwa, kiwango kwa nguruwe nacho kikashuka hadi asilimia 6. Katika fasihi yote ya suala hili sijui ushahidi unaoonyesha kwa uwazi zaidi kwamba dawa moja ya chakula haiwezi kuhukumiwa peke yake.

Marekani iliyaona haya mapema na ikachelewa sana kutenda. Mwaka 1977 FDA ilipendekeza kuondoa idhini ya penisilini na tetrasaiklini katika chakula cha mifugo. Bunge likataka utafiti zaidi, viwanda vikapinga, pendekezo likalala kwenye makabati kwa miaka 34 hadi FDA yenyewe ilipoliondoa rasmi Desemba 2011. Njia iliyochaguliwa badala yake ilikuwa ya mazungumzo: Desemba 2013 FDA ilitoa mwongozo namba 213, ukiwaomba watengenezaji waondoe kwa hiari maneno ya kukuza mwili kwenye lebo za antibiotiki zenye umuhimu kwa binadamu, na wakubali matumizi yaliyobaki yawe chini ya daktari wa mifugo. Wote walikubali. Tangu tarehe 1 Januari 2017, mfugaji wa Marekani hawezi kununua chakula chenye tetrasaiklini au tailosini kwa ajili ya ng'ombe au nguruwe bila agizo la maandishi. Mfumo wenyewe ulikuwepo tangu sheria ya mwaka 1996, na dawa ya kwanza kuwekwa chini yake ilikuwa tilmikosini kwa nguruwe. Kilichofanyika mwaka 2017 ni kuuhamishia karibu kundi zima la antibiotiki za kihorini.

Agizo hilo ni karatasi inayostahili kusomwa mstari kwa mstari, kwa sababu fikra za sheria zimo mle ndani. Lina jina na anwani ya daktari na ya mwenye mifugo, mahali wanyama walipo, tarehe ya kutolewa na tarehe ya kwisha ambayo haiwezi kuzidi miezi sita. Lina jina la dawa, aina ya mnyama na hatua yake ya uzalishaji, idadi ya wanyama kwa makadirio, ugonjwa unaolengwa, kiwango cha dawa katika chakula, siku za kulisha, na siku za kungoja kabla ya kuchinja. Daktari anatia saini na kubaki na nakala halisi; mwenye kiwanda cha chakula na mfugaji wanapata nakala zao, na wote watatu wanazitunza kwa miaka miwili. Kurudia agizo kunaruhusiwa pale tu lebo ya dawa inapokubali. Daktari naye lazima awe anawajua wanyama hao na kuwatembelea. Hawezi kuandika kwa kusikia habari za simu kutoka kwa mtu asiyemjua. Tena kuna tamko moja ambalo lazima liwemo katika kila agizo: kutumia chakula hicho kinyume cha lebo hakuruhusiwi. Tamko hilo lina maana kubwa. Kwa sindano, sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inampa daktari nafasi, kwa masharti, kubadilisha dozi au ugonjwa kwa hiari ya taaluma yake. Kwa chakula cha ng'ombe na nguruwe nafasi hiyo haipo kabisa, hata kwa daktari mwenye uzoefu wa miaka mingi. Sheria yenyewe basi imekiri kwamba kihori ni chombo butu kisichostahili kuaminiwa kwa ubunifu.

Yapo pia masharti yanayomhusu mwenye kiwanda, na haya husahaulika kwa kuwa hayana mvuto wa mjadala wa usugu. Mashine ya kuchanganya chakula haisafishiki kabisa baada ya kila mchanganyo. Vumbi hubaki kwenye kuta, kwenye parafujo ya kusafirishia, kwenye tangi la lori. Sulfametazini, dawa ya salfa iliyotumika sana kwa nguruwe, iliwasumbua wakaguzi wa nyama wa Marekani katika miaka ya 1970 na 1980 kwa sababu hiyo. Unga wake ulishikamana na mashine, na gramu chache tu zikihamia katika tani ya chakula cha mwisho kabla ya kuchinja zilitosha kuvusha ini la nguruwe juu ya kikomo cha sehemu 0.1 kwa milioni. Mfugaji aliyefuata siku za kungoja kwa uaminifu alikutwa na nyama yenye dawa, na kosa lilikuwa la mashine. Tiba yake ilikuwa kupanga mfululizo wa kuchanganya, kusukuma mahindi yaliyosagwa katika mashine ili kuitoa dawa iliyobaki, na kuitengeneza dawa kwa chembe badala ya unga. Monensini ni hatari ya namna nyingine. Ni dawa ya kawaida katika chakula cha ng'ombe, haitumiki kwa binadamu na kwa hiyo haihitaji agizo la daktari. Lakini farasi akila chakula chenye kiwango ambacho ng'ombe hukivumilia bila shida, moyo wake huharibika na anaweza kufa. Anayedhani kwamba dawa zisizohitaji agizo ni salama kwa wote amekosea. Agizo linalinda afya ya umma dhidi ya usugu. Lebo inamlinda kila mnyama kwa aina yake.

Turudi sasa kwenye mlango ulioachwa wazi. Mfano wake ulio dhahiri ni jipu la ini kwa ng'ombe wa kunenepeshwa, na nitaukalia kidogo kwa sababu umebeba mgogoro wote. Ng'ombe ni mla nyasi. Katika mazizi makubwa ya Texas, Kansas na Nebraska, miezi ya mwisho ya maisha yake hulishwa nafaka kwa wingi ili aongezeke uzito haraka. Nafaka huchacha upesi katika tumbo la kwanza, asidi inapanda, ngozi ya ndani ya tumbo inachubuka, na bakteria aitwaye Fusobacterium necrophorum anapenya kwenye damu na kufika kwenye ini, ambako anatengeneza usaha. Katika mazizi mengi, kati ya asilimia 12 na 32 ya ng'ombe hukutwa na majipu hayo machinjioni. Hasara si ini pekee. Ng'ombe mwenye majipu mabaya hukua polepole, na nyama iliyoshikana nayo hukatwa ikatupwa. Tailosini ikichanganywa katika chakula, miligramu 60 hadi 90 kwa kila ng'ombe kwa siku, hupunguza majipu kwa asilimia 40 hadi 70. Hupewa kila siku, mfululizo, kwa kipindi chote cha kunenepesha, ambacho mara nyingi huvuka miezi mitano.

Tazama jinsi sheria inavyolichukulia jambo hili. Tailosini ni makrolaidi, kundi ambalo Shirika la Afya Duniani limeliweka miongoni mwa dawa muhimu mno kwa binadamu. Kuitumia kukuza mwili ni marufuku. Kuitumia kupunguza majipu ya ini kunaruhusiwa kwa agizo la daktari, kwa kuwa jipu ni ugonjwa. Dozi ni ndogo, muda ni mrefu, wanyama wote wa zizi wanalishwa, wagonjwa na wazima. Sifa zote zilizowafanya wataalamu wapinge vikuza mwili zipo hapa bila kupungua hata moja. Tofauti ni neno lililoandikwa kwenye lebo. Na ugonjwa wenyewe hautoki nje. Unatengenezwa na mlo. Asidi inaweza kupungua kwa kuongeza majani makavu katika lishe, kwa kumzoesha ng'ombe nafaka taratibu zaidi, kwa kutoacha kihori kikauke halafu wanyama wakavamia chakula kwa njaa. Mambo hayo yana gharama: ng'ombe huchukua siku zaidi kufikia uzito wa soko. Tailosini ni rahisi kuliko siku hizo. Basi hapa dawa ya binadamu inatumika kugharimia kasi ya kunenepesha, na agizo la daktari linapitisha jambo hilo kila baada ya miezi sita kwa karatasi mpya.

Ni jambo la kawaida kusikia kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na wanaotetea matumizi haya huutumia usemi huo kwa moyo mweupe. Nao ni kweli kwa chanjo, kwa banda safi, kwa maji safi, kwa kumtenga mnyama mgeni kabla ya kumwingiza katika kundi. Lakini antibiotiki inayolishwa kwa miezi haikingi kwa maana hiyo. Inaukandamiza ugonjwa huku ikiwaacha wanyama katika mazingira yaleyale yanayouzalisha, na gharama ya usugu inayotokana nayo hulipwa na mgonjwa wa hospitali ambaye hakuwahi kukanyaga zizi hilo. FDA yenyewe inajua tatizo. Takriban theluthi moja ya dawa muhimu kwa binadamu zilizoidhinishwa kwa chakula au maji ya mifugo zilikuwa na angalau tumizi moja lisilo na kikomo cha siku. Septemba 2023 ilitoa rasimu ya mwongozo, namba 273, wa kuwasaidia watengenezaji kuweka vikomo hivyo, tena kwa hiari. Miaka sita ilikuwa imepita tangu agizo la daktari liwe lazima.

Takwimu za mauzo zinaonyesha umbali ambao sheria ya agizo inaweza kufika, na mahali inapokwama. Mwaka 2015 watengenezaji waliuza Marekani kilo milioni 9.7 za antibiotiki muhimu kwa binadamu kwa ajili ya mifugo. Mwaka 2017, mwaka wa kwanza wa kanuni mpya, mauzo yalikuwa kilo milioni 5.56, pungufu kwa asilimia 43. Huo ni ushindi wa kweli, na wanaodai kwamba makaratasi hayabadilishi kitu wanapaswa kuutazama. Lakini mwaka 2018 mauzo yalipanda kwa asilimia 9, na hadi mwaka 2023 yalikuwa yakizunguka kilo milioni sita bila kushuka tena kwa kiasi kikubwa. Sehemu kubwa inakwenda kwa ng'ombe na nguruwe. Maelezo yangu ni kwamba agizo liliondoa matumizi yaliyokuwa hayana mtu wa kuyasimamia; yale yaliyo na daktari wa kuyatia saini, na lebo isiyo na siku ya mwisho, yalibaki.

Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi ya hoja hii ni la ustawi wa wanyama, na linatoka Denmark yenyewe. Vikuza vilipoondolewa kwa watoto wa nguruwe walioachishwa kunyonya, kufikia mwisho wa 1999, kuharisha kuliongezeka, na dawa za tiba zikaandikwa zaidi kuliko awali. Wapinzani walisema: mmewaondolea kinga mkawaletea mateso. Walikuwa na haki kuhusu miaka ile ya kwanza, na nchi yoyote inayoiga lazima ijiandae kwa hali hiyo. Hata hivyo wafugaji wa Denmark walibadilisha umri wa kuachisha, usafi, lishe na chanjo. Mtu akitazama kipindi kizima, kutoka 1992 hadi 2008, antibiotiki kwa kila kilo ya nguruwe aliyezalishwa zilishuka kutoka miligramu 100 hivi hadi 49, na idadi ya nguruwe ikapanda kutoka milioni 18.4 hadi 27.1 kwa mwaka. Sekta haikufa. Ilisaidia pia kwamba tangu miaka ya 1990 daktari wa mifugo wa Denmark hapati faida ya maana kwa kuuza dawa anayoiandika. Ni vigumu kwa mtu kuona kwamba dawa haihitajiki wakati mshahara wake umo ndani ya mfuko wa dawa hiyo. Sheria ya chakula chenye dawa inayomwacha mwandishi wa agizo awe muuzaji imejitega yenyewe.

Pingamizi la pili linasema ushahidi wa madhara kwa binadamu si wa moja kwa moja: hakuna anayeweza kumshika mgonjwa mkono na kumpeleka hadi kwenye kihori kilichomdhuru. Ni kweli, na itabaki kweli, kwa sababu bakteria hubadilishana jeni njiani. Lakini mwaka 2015 watafiti wa China waliripoti jeni la mcr-1, linalowapa bakteria usugu dhidi ya kolistini na linalohama kutoka bakteria hadi bakteria, likiwa katika nguruwe, katika nyama ya dukani na katika wagonjwa. Kolistini ilikuwa ikitumika China kama kikuza cha nguruwe, na hospitalini ilikuwa dawa ya mwisho. China haikungoja apatikane shahidi wa kila mgonjwa. Iliipiga marufuku kama kikuza katika chakula mwaka 2017, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha jeni hilo likipungua kwa nguruwe na kwa watu. Pingamizi la tatu, la uhaba wa madaktari wa mifugo vijijini, lina uzito wake. Mfugaji wa nguruwe wachache huko Iowa au Montana anaweza kukaa mbali na daktari anayeshughulika na wanyama wakubwa. Jibu lake ni kuwaongeza madaktari na kupanua kwa uangalifu njia za wao kuwafuatilia wanyama. Kufuta agizo kwa sababu ya uhaba huo kungemwacha mfugaji mdogo bila daktari na bila kinga ya sheria pia.

Umoja wa Ulaya umechukua njia iliyofunga mlango ule. Chini ya kanuni mbili zilizoanza kutumika tarehe 28 Januari 2022, chakula chenye antibiotiki hakiruhusiwi kabisa kwa kinga ya wanyama wasio na ugonjwa kundini. Cheti chake kina uhai wa siku tano tangu kusainiwa hadi tiba kuanza. Pale maelezo ya dawa yasipotaja muda, matibabu hayawezi kuzidi wiki mbili. Linganisha siku tano na miezi sita. Huko Ulaya daktari analazimika kuangalia wanyama wa wiki hii. Marekani anaweza kusaini kwa ajili ya msimu. Ulaya pia imeweka viwango vya juu vya dawa zinazoweza kuhamia kwa bahati mbaya katika chakula kingine, ili kiwanda kisijifiche nyuma ya vumbi la mashine.

Kwa msomaji wa Kenya na Tanzania, hali ya mifugo yetu ni tofauti, na kunakili kanuni za Nebraska hakutasaidia. Ng'ombe wetu wengi wanakula malisho, na dawa huwafikia kwa sindano iliyonunuliwa katika duka la pembejeo za mifugo, mara nyingi tetrasaiklini, bila cheti ingawa sheria inakitaka. Lakini viwanda vya chakula cha kuku na nguruwe vinakua karibu na miji, unenepeshaji wa ng'ombe unaongezeka, na primiksi, yaani michanganyiko ya awali ya chakula, zenye dawa huingia pamoja na biashara hiyo. Nchi zote mbili zilizindua mwaka 2017 mipango ya kitaifa ya kupambana na usugu wa dawa, na zote zina nafasi ambayo Marekani haikuwa nayo mwaka 1951: kuandika kanuni kabla mazoea hayajaota mizizi. Watunga kanuni wetu waanze na kifungu cha siku. Kila mfuko wa chakula chenye antibiotiki utaje ugonjwa, daktari aliyeuandikia, siku za kulisha na siku za kungoja kabla ya kuchinja au kukamua, na kiwanda kisiruhusiwe kuchanganya dawa isiyo na tarehe ya kukoma. Mfugaji unayesoma hapa, mfuko unaouziwa ukikosa maelezo hayo, urudishe dukani na umwite daktari wa mifugo wa wilaya yako.